Leseni inasema umepita, haisemi umepita mara ya ngapi

Shemeji yangu mmoja ni rubani. Alirusha ndege hapa Afrika Mashariki miaka minne, akaenda Ghuba miaka mitatu na nusu, sasa yuko Marekani, makaratasi ya kuishi na kufanya kazi kule anayo, leseni ya kule ameshapata, na usaili kwenye kampuni moja ya Texas amepita vizuri tu. Juzi kanipigia, huku kwetu ni saa tisa usiku, sauti imemkauka. "Shem, hawa jamaa wanataka rekodi zangu za mafunzo kutoka kampuni zote mbili nilizofanyia kazi, na kule Ghuba nimeandika imeili tatu, kimya. Hapa ndo nimekwisha?" Nikamwambia hujaisha, kalale, kesho tutaongea.

Kulipokucha nikakuta habari imeshafika kwenye grupu la familia na kila mtu ni mtaalamu. Mmoja anasema wanambagua, mwingine anasema si apige tu picha logibuku yake awatumie, mama mkubwa anauliza kwani leseni yake ina shida gani, na yupo mjomba mmoja kashikilia kwamba aandikiwe barua na TCAA, mamlaka ya anga ya Tanzania, yaishe. Mimi niliwahi kukaa miaka kadhaa kwenye ofisi ya mafunzo ya shirika dogo la ndege, kazi yangu kupanga mafaili ya marubani na kukimbizana na wakufunzi wasiopenda kusaini, kwa hiyo hii habari naijua kwa kumeza vumbi lake. Ngoja niifungue taratibu, maana nimeona hata marubani wenyewe wanaichanganya.

Tuanze na makaratasi

Rubani ana vitu vitatu ambavyo kwa mtu wa nje vinafanana. Cha kwanza ni leseni. Hiyo inatolewa na mamlaka ya nchi, TCAA kwa Tanzania, KCAA kwa Kenya, FAA kwa Marekani, na msingi wa nchi moja kuitambua leseni ya nchi nyingine ni ule Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Leseni inasema huyu bwana au huyu dada amefikia kiwango, basi.

Cha pili ni logibuku. Hilo ni daftari la rubani mwenyewe, anaandika tarehe, ndege, alitoka wapi akaenda wapi, saa ngapi hewani. Siku hizi wengi wanatumia programu ya simu lakini wazo ni lile lile, anayeandika ni mwenyewe.

Cha tatu ndiyo rekodi za mafunzo, na hapa ndipo penye mgogoro. Hili ni faili linalokaa kwa mwajiri. Ndani yake kuna mafunzo ya kuanza kazi, kozi ya aina ya ndege anayorusha ambayo wenyewe wanaiita taipu reting, na zile cheki za kwenye simyuleta, au sim kwa kifupi, ile mashine ya kuigiza ndege, ambazo kampuni nyingi wanazifanya kila baada ya miezi sita, pale mkufunzi anakuzimia injini moja ndege ndo inanyanyuka, anakuwashia taa ya moto, anakuletea upepo mbaya, halafu anakaa nyuma yako na kalamu. Kuna maoni yake, kuna alama, kuna kama ulirudia, kuna kama ulipelekwa mafunzo ya ziada, kuna kama ulijaribu kupandishwa kuwa kapteni ikashindikana ukarudishwa kiti cha upande wa kulia, cha rubani msaidizi.

Chukua mfano wa mtoto wako aliyesomea udereva. Kadi ya leseni anayo mfukoni. Lakini yule mwalimu aliyekaa naye kwenye gari ndiye anayejua kwamba pale mataa alizima gari mara nne, na kwamba akipigiwa honi anapoteza akili anakanyaga mafuta badala ya breki. Kadi haijui hayo. Ukitaka kumpa basi la abiria sitini aende nalo Mbeya ungependa kuongea na nani, kadi au mwalimu?

Ndiyo maana kupiga picha logibuku hakusaidii. Logibuku inaonyesha umeruka saa ngapi, haionyeshi ulirukaje. Na ndiyo maana barua ya TCAA peke yake nayo haitoshi, ingawa mjomba alikuwa na hoja kidogo, nitaifikia.

Kuthibitisha leseni ni jambo lingine

Kuna utaratibu unaitwa uthibitisho wa leseni, mamlaka ya nchi moja inaiandikia mamlaka ya nchi nyingine kuuliza, huyu mtu mlimpa leseni kweli? Hiyo ndiyo barua ya mjomba. Ni muhimu na ina historia yake. Mwaka 2020, baada ya ndege ya shirika la Pakistan kuanguka Karachi mwezi Mei, waziri wa anga wa nchi hiyo alisimama bungeni akasema kati ya marubani 860 kuna 262 ambao leseni zao zina mashaka. Mashirika ya nje yaliyokuwa na marubani wa Kipakistani yakaanza kuandika barua mbio mbio, Vietnam wakawasimamisha kwanza kuruka, na Ulaya ikalifungia shirika la Pakistan kuingia. Baadaye ilionekana waliokutwa na kosa kweli ni wachache kuliko ile namba ya bungeni, lakini wasio na hatia nao walishakaa chini wakisubiri karatasi.

Uthibitisho wa leseni unajibu swali moja tu, leseni ni halali au ni ya kuchonga. Haujibu swali la huyu mtu kazini alikuwaje. Mamlaka ina faili lako la leseni, fomu za mitihani na vipimo vyako vya afya, lakini mambo ya kila siku ya sim na mafunzo ya ndani ya kampuni yako kabatini kwa kampuni, na mkaguzi wa mamlaka huwa anakuja kuyaangalia pale pale yalipo kisha anaondoka.

Kwa nini Wamarekani wamekomaa na hili

Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu watu wanadhani ni urasimu tu. Kila kipengele cha sheria hii kimeandikwa baada ya msiba.

Desemba 13, 1994, ndege ndogo ya abiria, Jetstream, ilianguka ikikaribia uwanja wa Raleigh-Durham, North Carolina. Walikuwemo watu 20, wakafa 15. Wachunguzi walipofukua historia ya kapteni wakakuta kwenye kampuni aliyotoka alikuwa na matatizo ya uwezo, kiasi kwamba wale wa kule hawakuwa wanamtaka tena, lakini kampuni mpya haikuwa nayo hiyo habari. Na kisa cha kutokuwa nayo ni cha kawaida kabisa, hata maofisini kwetu kipo. Waajiri walikuwa wanaogopa kushtakiwa. Ukiulizwa kuhusu mfanyakazi aliyeondoka unajibu alianza tarehe fulani akaacha tarehe fulani, asante, kwaheri. Ukisema zaidi ya hapo unaitwa mahakamani kwa kumharibia mtu jina.

Bunge lao likapitisha sheria mwaka 1996, ikaanza kutumika Februari 1997, inaitwa kwa kifupi PRIA. Ilisema hivi, kabla hujamweka rubani kazini lazima uombe rekodi zake kwa waajiri wake wa miaka mitano iliyopita, mwajiri wa zamani ana siku 30 za kuzitoa, rubani lazima asaini ridhaa, na anayetoa rekodi za kweli hashtakiwi. Hicho kipengele cha mwisho ndicho kilichofungua midomo. Na rubani naye akapewa haki yake, kujua kwamba rekodi zimeombwa, kupata nakala, na kusahihisha palipokosewa kabla hazijatumika kumhukumu. Kwenye mzigo huo huo kuna majibu ya vipimo vya dawa za kulevya na pombe, na kuna rejista ya taifa ya madereva. Ndiyo, rubani anaangaliwa hata leseni yake ya gari kama iliwahi kufungiwa. Nilimwambia shemeji hilo akacheka sana, kisha akanyamaza ghafla, sikutaka kuuliza.

Ungefikiri yameisha. Februari 12, 2009, ndege ya Colgan Air iliyotoka Newark ilianguka karibu na Buffalo, New York, ikaua wote 49 waliokuwemo na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake chini. Ilikuwa Dash 8 Q400, ndege zile zile za pangaboi ambazo Air Tanzania wanarusha na Jambojet wanarusha, kwa hiyo wengi wenu mmeshazipanda. Kapteni alikuwa amefeli mitihani kadhaa ya kuruka huko nyuma, kwenye maombi ya kazi akaandika mmoja tu. Familia za waliokufa zilipiga kambi Washington hadi sheria ya mwaka 2010 ikapita, na ndani yake wakaagiza FAA ijenge kanzidata moja ya rekodi za marubani, ili kampuni isitegemee mtu kusema ukweli wala mwajiri wa zamani kukumbuka kutuma bahasha.

FAA wakaijenga polepole mno. Februari 23, 2019, Boeing 767 ya mizigo ya Atlas Air, safari namba 3591 kutoka Miami kwenda Houston, ilipiga chini Trinity Bay, Texas, wakafa watatu wote. Rubani msaidizi ndiye aliyekuwa akirusha, na uchunguzi ulionyesha alishafeli mafunzo kwenye zaidi ya kampuni moja na kwenye maombi yake baadhi ya waajiri aliwaficha kabisa, kama hakuwahi kufika pale. Bodi ya uchunguzi ikaitaja FAA yenyewe kwenye sababu zilizochangia, kwa kuchelewesha hiyo kanzidata. Kanuni kamili ikatangazwa Juni 2021, miaka kumi na moja baada ya sheria, na Septemba 9, 2024 ule utaratibu wa zamani wa barua ukafungwa rasmi. Rekodi kwenye kanzidata zinakaa mpaka rubani afe au afikishe miaka 99. Hawana haraka ya kumsahau mtu.

Sasa wewe ambaye kampuni yako haiko Marekani

Kanzidata hiyo inalazimisha kampuni za Marekani. Shirika la Nairobi, Doha, Muscat, Addis Ababa au Dar halina akaunti mle na halina wajibu wowote wa kisheria wa kuijibu FAA wala kampuni ya Texas kuhusu mfanyakazi wake wa zamani. Sheria ya Marekani inaishia mpakani kwake. Kwa hiyo shemeji yangu akifunguliwa kwenye ile kanzidata anaonekana kama mtoto aliyezaliwa jana, ana mitihani yake ya FAA aliyoifanya hivi karibuni na nyuma yake weupe mtupu. Miaka saba na nusu ya kazi haipo.

Mwajiri mpya anauona huo weupe na ana sababu zote za kuuogopa, umeshasoma hapo juu kwa nini. Rubani anatakiwa kutaja waajiri wake wa miaka mitano iliyopita, na hesabu inaanzia nyuma ya maombi, kwa hiyo kwa shemeji ni miaka mitatu na nusu yote ya Ghuba na mwaka mmoja na nusu wa mwisho wa huku kwetu. Zile pengo ndizo kampuni inaandika barua kuziziba.

Na wakijibiwa kimya? Sheria yenyewe iliona hilo linakuja. Kuna kipengele cha jitihada za kweli, kinasema kampuni inaweza kumwanzisha rubani kazi bila zile rekodi kama imejaribu kuzipata na ina ushahidi wa kujaribu, na FAA imeithibitishia kwa maandishi kwamba hazimo kwenye kumbukumbu zake kwa sababu mwajiri wa zamani hayupo tena au ni serikali au chombo cha nchi nyingine ambacho hakijazitoa. Neno la kushika hapo ni ushahidi. Kupiga simu mara mbili na kuambiwa bosi katoka si ushahidi. Barua yenye tarehe, imeili iliyokwenda kwenye anwani sahihi, risiti ya kuria, barua ya pili ya kukumbusha, ile ridhaa ya rubani iliyosainiwa ikiwa imeambatishwa, huo ndio ushahidi.

Ila nisikudanganye, sheria kuruhusu ni kitu kimoja na kampuni kukubali ni kingine. Kampuni ina bima yake na mawakili wake, na inaweza kuwa na masharti makali kuliko sheria. Ndiyo maana shemeji aliambiwa faili halisogei. Hapo hakuna aliyemvunjia haki, kuna mtu wa HR ana orodha yake ya kuweka tiki na kiboksi kimoja kiko wazi.

Kwa nini kampuni za nje hazijibu

Watu wanawaza roho mbaya. Ipo, lakini kwa niliyoyaona mimi roho mbaya ni sehemu ndogo.

Mara nyingi ombi linafika kwa mtu ambaye si wake. Kampuni ya nje inaandika kwenye ile anwani ya jumla iliyoko kwenye tovuti, anayeisoma ni dada wa huduma kwa wateja anayehangaika na mabegi yaliyopotea, anaona neno rubani na neno Marekani anaogopa, anaiacha pale. Rekodi ziko idara ya mafunzo, idara ya mafunzo haitoi kitu bila idara ya sheria, idara ya sheria inauliza ridhaa iko wapi. Na ridhaa ikija imesainiwa kwa kubofya kwenye kompyuta wanasema tunataka sahihi ya wino. Nilishawahi kuona ombi limezunguka majengo mawili wiki tano na hakuna hata mmoja aliyelikataa.

Kuna hofu pia ya sheria za faragha, na ni hofu halali. Kenya wana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Uganda nao 2019, Tanzania ni ya 2022 na ilianza kutumika Mei 2023, Oman walitoa yao 2022. Kampuni ikimwaga faili la mtu kwa mgeni bila ridhaa inaweza kujiletea kesi.

Halafu kuna bondi. Kampuni imekulipia taipu reting, pesa ya kozi moja inaweza kufika makumi ya maelfu ya dola, ukasaini kwamba utawatumikia miaka kadhaa, ukaondoka kabla. Hapo faili linageuka kama ile cheti cha kidato cha nne ambacho shule inakishikilia kwa sababu ya ada. Mimi naliona hilo kosa, deni ni la kudaiana na lina njia zake za kudaiwa, rekodi za usalama zisishikwe rehani. Lakini ukiondoka usiku bila kuaga usitegemee mkuu wa mafunzo akimbie kukutafutia karatasi, ni binadamu.

Na kuna kampuni ambazo zimekufa. Jetlink ya Kenya ilisimama Novemba 2012. Fastjet Tanzania iliacha kuruka mwishoni mwa 2018. Jet Airways ya India ilisimama Aprili 2019 ikiwa kubwa kweli kweli, na marubani wake wakatawanyika. Kampuni ikifa unaanza kumtafuta mfilisi, au aliyekuwa mkuu wa mafunzo kama bado ana moyo, na hapa ndipo barua ya mamlaka inapopata uzito, sababu angalau wana fomu za mitihani iliyoambatana na leseni yako na wanaweza kuandika kwamba kampuni haipo tena. Mjomba pointi moja.

Ulaya hawasumbuani hivi

Kanuni za anga za Umoja wa Ulaya zimeliweka jambo hili kwa njia ambayo mimi naipenda kuliko ya Marekani. Kampuni lazima itunze rekodi za mafunzo na cheki kwa miaka mitatu, lazima impe rubani akiziomba, na akihamia kampuni nyingine lazima izitoe kwa hiyo kampuni mpya ndani ya muda huo, hata kama ameshaacha kazi kwako. Fupi, inaeleweka. Ukichanganya na haki ya kila mtu kuomba taarifa zake binafsi, ambayo mwajiri wa kule anatakiwa aijibu kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja, rubani aliyetoka Ulaya hana sababu kubwa ya kulia.

Ile haki ya pili ndiyo watu wetu hawaitumii. Hizo sheria za data nilizotaja hapo juu mnaziona kama ukuta, lakini zina mlango kwa upande wako. Zinampa mtu haki ya kuomba kuona taarifa zinazomhusu yeye mwenyewe. Kwa hiyo badala ya kampuni ya Texas kuomba na kuogopwa, omba wewe, kwa jina lako, kwa maandishi, ukiitaja hiyo sheria, uelekeze kwa afisa anayehusika na data na nakala kwa mkuu wa mafunzo. Barua ya mtu anayeomba chake inasomwa tofauti na barua ya mgeni.

Maneno ya mtaani

"Ukifeli sim mara moja umeharibu maisha." Hapana jamani. Marubani wazuri wamerudia cheki, wakufunzi wenyewe wamerudia. Anayesoma faili anatafuta mwenendo, yaani ulifeli wapi, ukafundishwa nini, ukafanyaje baada ya hapo. Kufeli kutua kwenye upepo wa pembeni mwaka ule halafu cheki sita safi ni hadithi nzuri. Angalia tena Colgan na Atlas, kilichowasha moto kwa waajiri ni yale ambayo hayakuandikwa kwenye fomu.

"Kampuni niliyokaa miezi mitatu nikatolewa sitaitaja, nani atajua." Dunia ya marubani ni kijiji. Mkufunzi wako wa Nairobi alisoma na mkufunzi wa Doha, na kwenye sim ya Addis wanakutana wote. Ukiitaja ukaeleza, unaulizwa maswali mawili magumu. Wakiigundua wenyewe, hakuna maswali tena.

"Faili ni langu, siku ya kuondoka nalibeba." Nakala ndiyo yako. Faili lenyewe kampuni inalazimika kulitunza kwa sababu mkaguzi anaweza kuja kuliuliza hata baada ya wewe kuondoka. Kuna kijana tulimkuta nalo kwenye begi, alitokwa jasho siku hiyo.

Kabla hujarudisha kitambulisho

Kama uko kwenye kampuni sasa hivi na una mawazo ya kuhama, hata kama ni mwakani, anza kukusanya ukiwa bado na mlango wa ofisi ya mafunzo unaofunguka ukibisha. Cheti cha taipu reting, fomu za cheki zote za sim na zile za kwenye safari zenyewe na abiria nyuma, mafunzo ya kupandishwa kapteni kama ulipitia, kozi za darasani kama mizigo ya hatari na ushirikiano wa wafanyakazi ndani ya ndege, barua ya saa ulizoruka kwa kila aina ya ndege, na barua ya kuachana inayosema tarehe na sababu. Kila ukurasa upigwe mhuri na usainiwe na mkuu wa mafunzo kwamba ni nakala halisi. Kama ziko kwa lugha nyingine tafuta mtafsiri anayetambulika.

Halafu hili ambalo wengi hawalijui, muombe mkuu wa mafunzo akutumie zile PDF kwa imeili yake ya kazini na sio WhatsApp. Mwajiri mpya ana wasiwasi na karatasi zilizopita mkononi mwa rubani mwenyewe, na ana haki. Imeili iliyotoka kwenye anwani ya kampuni yenye tarehe inamsaidia kukuamini wakati ile barua rasmi bado inazunguka majengo. Na andika pembeni jina la cheo, namba ya simu ya mezani na anwani ya idara yenyewe, sio ya jumla, ili barua kutoka Marekani isiishie kwa dada wa mabegi.

Shemeji hakufanya hata moja kati ya hayo, aliondoka Ghuba na begi na furaha. Tukakaa kwenye simu Jumamosi nzima tukaandika upya. Ombi moja lake yeye kama mwenye taarifa, lingine la kampuni mpya likiwa na ridhaa ya wino aliyoiskani, yote yakaenda kwa kuria hadi idara ya mafunzo kwa cheo, na risiti akampa mtu wa HR aweke kwenye faili lake kama ushahidi hata kama jibu halitakuja. Kampuni ya huku kwetu ilijibu siku ya nne, nadhani kwa sababu mkuu wa mafunzo ni yule yule na anamkumbuka.

Ghuba wamejibu jana. Kurasa kumi na moja, mihuri kila mahali, cheki zake zote safi. Jina la ukoo limekosewa herufi moja na halifanani na pasipoti. Ameshaandika kuomba wasahihishe.